Kabaila na Mtoto Chini ya Mnazi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, katika Bwalo la Shule)



Katibu aliponiandikia barua ya kunitaka nizungumze katika mkutano wa mwaka huu, aliniachia uhuru wa kuchagua jambo lolote, alimradi liwe na manufaa kwa wakubwa na wadogo. Wasemaji walionitangulia miaka iliyopita walizungumzia kazi zao. Daktari alitueleza habari za malaria, na mhandisi akatueleza jinsi daraja linavyosimama. Mimi kazi yangu, tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu, ilikuwa kufundisha historia na kuchora. Kwa hiyo nimekuja na picha moja tu. Nakala yake kubwa imebandikwa ubaoni nyuma yangu, na nakala ndogo zimegawiwa mezani. Nawaombeni kila mmoja aitazame kwa dakika moja kamili, kimya, kabla sijaendelea.

Ahsanteni. Nimewaona baadhi yenu, hasa wazee, mmeanza kutazama saa kabla ya nusu dakika. Si ajabu. Tumezoea kuona picha nyingi sana kila siku, na kila moja tunaipa nafasi ndogo sana. Lakini picha hii ilichukua siku nyingi kuchorwa, na imeishi karibu miaka 400. Hatutakuwa tumeionea tukiipa robo saa.

Sasa tuseme tulichokiona. Yupo mwanamume wa makamo, Mzungu, mwenye ndevu, nywele zimeanza kumpungua kichwani. Amevaa koti na suruali pana ya hariri yenye rangi ya waridi, iliyopitishwa mistari myembamba ya dhahabu. Mkono mmoja ameshika bunduki ya kuwindia ndege. Mkono wa pili ameunyosha wazi mbele yake, kama mtu aliyeshtuka au aliyestaajabu. Karibu naye yupo mtoto wa Kihindi mwenye kilemba, naye ananyosha kidole juu. Anachoonyesha ni kasuku aliyetua mtini. Na mti wenyewe, vijana wa pwani mmeshautambua kabla sijausema, ni mnazi wenye nazi zake.

Picha hiyo ni ya rangi za mafuta juu ya turubai. Kimo chake ni karibu mita 2.5 na upana wake karibu mita 1.5, maana yake mtu aliyechorwa humo ni mkubwa sawasawa na mtu wa kweli. Siku hizi iko katika jumba la National Gallery mjini London. Ilitolewa zawadi kwa jumba hilo mwaka 1945 na Count Antoine Seilern. Mchoraji ni Anthony van Dyck. Kabaila aliyechorwa ni William Feilding, Erli wa kwanza wa Denbigh. Yakadiriwa kuwa ilichorwa mwaka 1633 au 1634.

Tuanze na mchoraji. Van Dyck hakuwa Mwingereza. Alizaliwa mwaka 1599 katika mji wa Antwerp, katika nchi ya Flanders, ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hariri na vitambaa. Nawaomba mlishike jambo hilo, kwa sababu ukiitazama hariri katika picha hii, namna inavyokunjika gotini na kung'aa mkononi, utaona kwamba aliyeichora alikuwa amekizoea kitambaa tangu utoto wake. Alianza uanagenzi akiwa mtoto wa miaka kumi hivi. Baadaye alifanya kazi katika karakana ya bingwa mkubwa wa mji huo, Peter Paul Rubens. Akiwa bado na miaka 18 alipokewa katika chama cha mafundi wachoraji. Kisha alikwenda Italia kwa miaka kadhaa, akajifunza kutoka kwa picha za mabingwa wa huko, hasa Titian.

Mwaka 1632 aliitwa London na Mfalme Charles wa Kwanza. Mfalme akampa cheo cha "Sir", mkufu wa dhahabu, nyumba kando ya mto Thames mahali paitwapo Blackfriars, na mshahara wa paundi 200 kwa mwaka, mbali na malipo ya picha zenyewe. Hiyo ndiyo maana ya mchoraji wa mfalme. Siku hizo hapakuwa na kamera, magazeti yenye picha, wala televisheni. Mfalme aliyetaka watu wajue anavyofanana, au tuseme waamini anafanana hivyo, alimhitaji mchoraji kama vile alivyomhitaji waziri.

Na Van Dyck aliijua kazi yake. Charles alikuwa mtu mfupi, lakini katika picha za Van Dyck ufupi huo huutambui, maana ama amepandishwa juu ya farasi, ama amesimamishwa mahali ambapo wewe unayetazama unamwangalia kutoka chini. Kuna kisa kimoja kinachojulikana. Binti mfalme mmoja, Sophia, alimwona Malkia Henrietta Maria kwa macho yake baada ya kuzizoea picha zake zilizochorwa na Van Dyck. Alishangaa. Katika picha malkia alikuwa mrembo mno. Mbele yake akamkuta mwanamke mdogo wa mwili, mwenye mikono mirefu mikavu na meno yaliyotokeza mbele. Sophia aliyaandika hayo katika kumbukumbu za maisha yake.

Tunajua pia namna karakana yake ilivyofanya kazi, kwa sababu tajiri mmoja aliyechorwa naye mara kadhaa, Everhard Jabach, alisimulia. Van Dyck hakukaa na mtu zaidi ya saa moja kwa mara moja. Saa ikiisha, aliinuka, akainama kwa adabu, akapanga siku nyingine. Mtumishi akaosha brashi, akaleta rangi nyingine, na mgeni mwingine akaingia. Uso aliuchora mwenyewe. Mwili na mavazi aliyachorea mfano wa haraka kwa chaki nyeusi na nyeupe juu ya karatasi ya kijivu. Kisha nguo zenyewe zililetwa karakanani, na wasaidizi wake wakazichora kwa kufuata mfano huo, naye akapitia mwishoni. Na mikono? Alikuwa na watu aliowakodi, wanaume kwa wanawake, waliokaa mbele yake ili achore mikono yao.

Vijana, fikirini jambo hilo kidogo. Unasimama London mbele ya picha ya kabaila mkubwa, unasifu mikono yake laini, kumbe huenda mikono hiyo ni ya mtu wa mtaani aliyelipwa senti chache kwa kukaa kitini. Jina lake halimo popote. Tutalirudia jambo hili la majina.

Sasa tuje kwa kabaila mwenyewe. William Feilding hakuwa mtu mashuhuri kwa kuzaliwa. Alipanda kwa ndoa. Alimwoa Susan Villiers, na ndugu yake Susan, George Villiers, akatokea kuwa kipenzi cha mfalme na hatimaye Duke wa Buckingham, mtu mwenye nguvu kuliko wote Uingereza baada ya mfalme. Shemeji akipanda, nawe hupanda. Feilding akapewa u-Erli mwaka 1622, na mwaka huohuo akafanywa msimamizi wa ghala kuu la mavazi ya kifalme. Nadhani hata hapa kwetu tunawajua watu waliopata ofisi kwa njia kama hiyo, ingawa ofisi zenyewe hazikuwa za mavazi.

Mwaka 1628 alipewa amri ya kikosi cha merikebu ili akaukomboe mji wa La Rochelle huko Ufaransa. Waprotestanti wa mji ule walikuwa wamezingirwa na jeshi la mfalme wao, nao walikuwa wakifa njaa wakingoja msaada kutoka baharini. Feilding alifika mwezi wa Mei, akaziona ngome na vizuizi vya Wafaransa, akageuza merikebu akarudi nyumbani bila ya kupigana. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo shemeji yake Buckingham aliuawa kwa kisu mjini Portsmouth. Mwezi wa Oktoba La Rochelle ikasalimu amri. Kwa hiyo ukisema mwaka 1628 ulikuwa mwaka mbaya kwa Erli wa Denbigh, hukukosea.

Mwaka 1631 alifanya jambo ambalo makabaila wenzake hawakuwa na desturi ya kulifanya. Alipanda merikebu ya Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, akaenda India na Uajemi. Mabaharia na wafanyabiashara wa Kiingereza walikwishakwenda huko tangu kampuni hiyo ilipoanzishwa mwaka 1600. Lakini kabaila wa cheo chake, mwenye mali na umri wa makamo, kwenda mwendo wa miezi mingi baharini kwa hamu ya kuona tu, hilo lilikuwa jambo geni. Alirudi mwaka 1633. Mara baada ya hapo ndipo ilipochorwa picha hii.

Basi sasa tuitazame tena, tukiwa tumejua hayo.

Kwanza nguo. Erli angeweza kuchorwa kama makabaila wote wa wakati wake: amevaa mavazi ya chuma, au hariri nyeusi yenye kola ya lesi, kando yake nguzo ya mawe na pazia zito. Badala yake amevaa nguo alizokuja nazo kutoka India, na shati lake jeupe la Kizungu linachungulia ndani yake. Suruali hiyo pana ndiyo pajama. Neno lenyewe ni la Kiajemi na Kihindi, na maana yake ni vazi la miguu. Leo mtoto wa shule ya bweni akivaa pajama kulala, hafikirii kwamba vazi hilo limesafiri mbali hivyo. Mtu aliyekuwa msimamizi wa mavazi ya mfalme alichagua kukumbukwa na vizazi vyote akiwa ndani ya pajama. Nadhani alijua anachokifanya.

Pili, mahali. Van Dyck hakufika India hata siku moja. Milima, nyasi na mbingu za picha hii alizitoa kichwani mwake, au katika masimulizi ya mteja wake. Hata hivyo mnazi wake ni mnazi kweli. Una makuti, una nazi zilizoshikana juu. Ninyi mliokulia penye minazi mnaweza kumsahihisha hapa na pale, na wanafunzi wangu walifanya hivyo kila mwaka kwa furaha kubwa, lakini nawaombeni mkumbuke kwamba fundi huyu alikuwa akichora London, chini ya mawingu ya London, mti usioota huko.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niichague picha hii kuliko nyingine zote, tazameni nani anafanya nini. Katika picha za makabaila wa siku zile, mtumishi akiwemo, kazi yake ni kumtazama bwana. Anamshikia farasi, anambebea upanga, anamwinulia uso kama mtu anayetazama jua. Hapa mambo yamepinduka. Mtoto ndiye anayejua. Yeye ndiye aliyemwona kasuku, yeye ndiye anayenyosha kidole. Bwana ndiye asiyejua. Amesimama katikati ya nchi ya watu, bunduki mkononi, kinywa kimeachama kidogo, mkono mtupu mbele yake. Bunduki haimsaidii kuona. Anategemea kidole cha mtoto.

Sisemi kwamba Van Dyck alikusudia kumkemea mteja wake. Mchoraji aliyelipwa na ikulu hakuwa na desturi hiyo. Wala sisemi kwamba mtoto yule alikuwa huru. Amewekwa pale kama alivyowekwa kasuku na kama alivyowekwa mnazi, ili mtazamaji ajue kwamba bwana alifika mbali. Hapo ndipo mzizi wa jambo lenyewe. Fundi hodari alichora alichoagizwa, lakini kwa kuwa alikuwa na macho ya kweli, alichora pia kitu kingine: mshangao wa mtu mkubwa aliyejikuta mgeni. Na mtu mkubwa mwenyewe akaridhika kuonekana hivyo. Kwa ajili hiyo mimi, ambaye sina sababu ya kuwapenda makabaila, namheshimu Feilding kwa jambo hilo moja.

Nne, yasiyomo. Hili ni somo ambalo nililirudia darasani hadi wanafunzi wakaniita kwa jina hilo, "Mwalimu Nini-Hakimo". Kuanzia mwaka 1630 hadi 1632 njaa kubwa sana iliikumba Gujarat na Dekani, moja ya njaa mbaya kuliko zote katika historia ya India. Mvua ilikosekana, kisha yakaja mafuriko na maradhi. Mfanyabiashara wa Kiingereza Peter Mundy, aliyesafiri kutoka Surat kwenda Agra wakati huo, aliandika jinsi njia ilivyojaa maiti. Safari ya Feilding iliangukia ndani ya miaka hiyohiyo. Mwaka 1631 ndipo alipofariki pia Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan, na mwaka uliofuata ukaanza ujenzi wa kaburi lake, Taj Mahal, ambalo dunia nzima inalijua. Mfalme alikuwa na msiba wake, na raia walikuwa na wa kwao. Katika picha yetu hakuna hata kimoja. Kuna hariri, ndege wa rangi nzuri, na mti uliozaa.

Hakuna pia ghala la kampuni, wala marobota ya pamba na mitungi ya nili, ambavyo ndivyo vilivyoilipia merikebu iliyomchukua Erli. Na katika kichwa cha picha, kama kilivyoandikwa katika jumba la National Gallery, limo jina la William Feilding peke yake. Mtoto anayejua njia hakutajwa.

Ndugu zangu, yawezekana baadhi yenu mnajiuliza: Yatuhusu nini sisi haya? Kabaila wa Kiingereza, mchoraji wa Flanders, mtoto wa Kihindi. Swali hilo ni halali, nami niliulizwa mara nyingi nilipokuwa kazini, hata na wakaguzi. Nilikuwa nikijibu hivi: kujua namna wakubwa wa dunia walivyotaka kuonekana ni sehemu ya kujua namna walivyotawala. Anayeishia kusema "picha nzuri" amefanya alichotaka kabaila. Anayesema "huu ni ukabaila, iondoeni" hakuiona hata kidogo. Mwanafunzi ninayemtaka ni yule anayekaa nayo mpaka aone vyote viwili, ustadi wa fundi na ukimya wake.

Kabla sijaingia katika ombi langu, niwaelezeni walivyoishia watu hawa. Van Dyck alifariki nyumbani kwake Blackfriars tarehe 9 Desemba 1641, akiwa na miaka 42 tu, akazikwa katika kanisa kuu la zamani la St. Paul's. Kanisa hilo liliteketea katika moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, na kaburi lake likapotea pamoja nalo. Mwaka 1642 vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya Mfalme na Bunge. Feilding, mzee sasa, alijitolea kama askari wa kawaida upande wa Mfalme. Mwanawe mkubwa, Basil, akaenda upande wa Bunge. Tarehe 23 Oktoba 1642, katika mapigano ya Edgehill, baba na mwana walikuwa katika uwanja mmoja, majeshi mbalimbali. Mama, Susan, alimwandikia mwanawe barua za kumsihi arudi kwa mfalme. Hakurudi. Mwezi wa Aprili mwaka 1643 baba alijeruhiwa vibaya karibu na Birmingham, akafa baada ya siku chache. Basil akarithi cheo cha baba yake akiwa bado katika jeshi la upande wa pili. Mwaka 1649 Mfalme Charles mwenyewe akakatwa kichwa mbele ya umati.

Kwa hiyo ulimwengu wote ule ambao Van Dyck aliuchora kwa hariri ulibomoka katika muda usiozidi miaka 20. Vilivyobaki ni turubai na rangi. Mtoto wa mnazini bado ananyosha kidole chake, na bwana bado anastaajabu. Jambo hilo linatufundisha kwamba kinachowekwa katika picha hudumu kuliko cheo, na kinachoachwa nje ya picha, au kinachowekwa bila jina, hakina mtu wa kukidai baada ya miaka 400.

Sasa ombi langu. Ukitoka bwaloni hapa kuelekea ofisi ya Mwalimu Mkuu, ukutani kuna picha za pamoja za miaka mingi. Leo asubuhi nilizipitia moja baada ya moja, nikiwa nimevaa miwani yangu. Viranja wameandikwa majina. Walimu wameandikwa majina na shahada zao. Timu ya mpira imeandikwa hadi mchezaji wa akiba. Lakini katika picha nyingi, pembeni kabisa, wamesimama watu wengine: wapishi na aproni zao, mlinzi na rungu lake, dereva wa lori la shule, mama aliyekuwa akishona sare zetu. Chini yao pameandikwa neno moja, "Watumishi", na katika nyingine hapakuandikwa kitu.

Wazee wenzangu, watu hao mnawajua. Mnajua nani alikuwa akipuliza kuni mbichi saa kumi alfajiri ili sisi tupate uji kabla ya kengele. Mnajua nani alikuwa akijua njia ya mtoni, njia ya zahanati usiku, na njia ya kumtuliza mtoto wa kidato cha kwanza anayelia kwa kukumbuka kwao. Tuliokuja hapa mara ya kwanza tukiwa tumebeba masanduku ya mbao, tumeshangaa hatujui pa kwenda, tulionyeshwa kwa kidole na mmoja wao. Nami nathubutu kusema kwamba wengi wetu tulionyeshwa na mtu ambaye leo hayumo katika kumbukumbu yoyote ya shule hii.

Sitoi lawama kwa mtu. Desturi ilikuwa hivyo, na aliyeandika majina yale aliandika aliyoambiwa ayaandike. Lakini sisi tuliopo tunao uwezo ambao watazamaji wa picha ya Van Dyck hawana. Wao hawawezi kumwuliza mtu yeyote. Sisi bado tunaweza kuulizana. Katika bwalo hili wamo waliomaliza kidato cha nne zamani kiasi kwamba wanahesabika kwa vidole, na kila mwaka orodha ya marehemu inayosomwa na Katibu inarefuka. Kila anayeondoka anaondoka na majina.

Napendekeza basi, Ndugu Mwenyekiti, mambo mawili, nayo si ya gharama. La kwanza, leo jioni kabla ya chakula, wazee wa kila mwaka wakae mbele ya picha ya mwaka wao pamoja na wanafunzi wawili wenye daftari, wawataje watu wa pembeni mmoja mmoja. Jina likikumbukwa nusu, liandikwe nusu. Akikumbukwa kwa jina la utani tu, liandikwe hilo, ila liwe la heshima. Majina hayo yachapwe na kubandikwa chini ya picha. La pili, katika picha itakayopigwa kesho asubuhi, wapishi na walinzi waitwe wakati wa kupanga mistari, wasiitwe baadaye kujaza pembe. Na mwandishi wa majina aanze mwisho mmoja wa mstari hadi mwisho wa pili bila ya kumruka mtu.

Kwenu vijana nina neno moja la mwisho. Mtaonyeshwa picha nyingi maishani mwenu, za watu wakubwa kwa wadogo, katika magazeti, ofisini, na katika hizo simu zenu. Kila mara jiulizeni maswali matatu. Nani ameilipia? Nani yumo, na anafanya nini? Na nini hakimo? Kwa maswali hayo hamtadanganywa kwa urahisi, na pia hamtakuwa watu wa kubeza kila kitu, kwa kuwa swali la pili litawalazimisha mtazame kazi ya fundi kwa makini kabla hamjatoa hukumu.

Mwalimu Mkuu, nimeleta daftari jipya kwa ajili ya kazi ya jioni. Nimeliweka pale kwenye meza ya Katibu, na penseli mbili zilizochongwa.